Chujio lilikufa, maji yakaendelea kutoka

Pipa lilikuwa la bluu, limekaa juu ya jukwaa la zege mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Chini lilikuwa na koki, juu mfuniko uliofungwa kwa waya ili watoto wasichezee. Ndani kulikuwa na mkaa wa mifupa, wa kuchuja floraidi, madini yaliyozidi katika maji yetu. Kila asubuhi wanafunzi wa zamu walilijaza maji, na kutwa nzima wenzao walikinga vikombe kwenye koki. Nilifundisha shule ile ya msingi, kaskazini mwa Mlima Meru, kwa miaka kadhaa. Maji ya pipa lile nimeyanywa bila wasiwasi, na wazazi nikawaambia kwa kinywa changu kwamba hayo ndiyo maji salama.

Siku moja akaja binti anayesoma shahada ya uzamili. Alikuwa na barua ya kibali kutoka halmashauri, boksi la vichupa na kifaa kidogo cha kupimia. Alitaka maji ya bomba la kijiji tu, kwa ajili ya tasnifu yake. Alipomaliza akaomba, kwa adabu, apime na ya pipa. Akakinga yanayoingia, akakinga yanayotoka. Akapima. Akarudia. Kisha akaniita pembeni, mbali na watoto.

"Mwalimu, samahani. Yanayoingia na yanayotoka ni yale yale."

Mkaa ulikuwa umechoka. Tulipofungua daftari la zamu na kutafuta tarehe ya mwisho mtu wa mradi kukanyaga pale, tukaona kwamba umechoka kwa zaidi ya mwaka. Muda wote huo koki ilitoa maji meupe, baridi, yasiyo na harufu, na watoto wakapanga foleni kama kawaida.

Kisa chenyewe ni hicho. Mradi ulioleta pipa siutaji, wala shule, wala chuo cha binti yule. Ninachotaka kukichambua ni swali lililonisumbua tangu siku ile: nani alipaswa kujua kwamba chujio limekufa? Na kwa kuwa tunaishi katika mkoa wenye vyuo vikuu, kimoja kikiwa kimejengwa chini ya mlima huu huu unaotupa maji haya, swali linalofuata haliepukiki: chuo kina kazi gani katika jambo kama hili?

Maji yenyewe

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kwanza. Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho ulipotoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua inapoanguka haina tatizo. Inapozama na kupita katika miamba hiyo, hasa maji yanapokuwa na magadi, huiyeyusha floraidi na kuibeba hadi kwenye chemchemi, visima na mito. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mto Ngarenanyuki umewahi kupimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 20. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana mamia.

Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Anayekisikia leo anashtuka, lakini sababu yake ilikuwa wazi: kwa kiwango cha kimataifa vyanzo vingi vingefungwa, na watu wangebaki bila tone. Baadaye kiwango kikashushwa, na sasa nasi tunatumia 1.5. Kwenye karatasi tumefika. Kwenye ndoo bado.

Mtoto akilelewa na maji haya, meno yake ya kudumu huota na madoa, kwanza ya chokaa kisha ya kahawia, na yakizidi humomonyoka. Floraidi nyingi zaidi ikiingia kwa miaka mingi hukaa kwenye mifupa: magoti yanauma, mgongo unakakamaa, na watoto wengine wanapata matege. Nilisoma sekondari ya bweni mbali na nyumbani. Siku ya kwanza, kabla sijataja jina langu, mwenzangu wa kitanda cha juu alinitazama mdomoni akasema, "Wewe wa Arusha." Hakuwa na nia mbaya. Mpaka leo nikipigwa picha nafunga mdomo.

Wazee wetu waliyapa maji majina kwa rangi zake. Ngarenanyuki, kwa Kimaasai, ni maji mekundu. Maji ya Chai, upande wa pili wa mlima, jina linajieleza lenyewe. Floraidi haikupata jina kwa sababu haionekani, hainuki, haina ladha. Hata ushauri tunaoujua wote, ule wa kuchemsha maji ya kunywa, ambao umeokoa watu wengi na homa ya matumbo na kipindupindu, hapa hausaidii chochote. Ukichemsha, mvuke unaondoka na floraidi inabaki kwenye sufuria, ikiwa nzito kuliko mwanzo. Nimemwona mama akiyachemsha maji ya mwanawe mara mbili kwa upendo, na sikuwa na moyo wa kumwambia papo hapo. Yapo pia magadi tunayotia kwenye maharage na makande yalainike upesi. Utafiti uliofanyika katika ukanda wetu umeonyesha kwamba magadi nayo yanaweza kubeba floraidi nyingi.

Kwa nini pipa lilitudanganya

Mkaa wa mifupa ni teknolojia ya heshima, na hapa kwetu ina historia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa njia hii kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, joto likiwa nyuzi 400 hadi 550 hivi, kisha husagwa kuwa chembe. Ikichomwa kidogo, maji yanatoka na harufu na rangi, na watu wanayakataa, wana haki. Ikichomwa kupita kiasi, chembe zinapoteza nguvu. Ikichomwa sawasawa, madini ya mfupa huikamata floraidi inapopita na kuachia kitu kingine kisicho na madhara mahali pake.

Nafasi za kukamatia, hata hivyo, zina idadi. Zikijaa, zimejaa. Itategemea maji yako yana floraidi kiasi gani na mnachota ndoo ngapi kwa siku. Inaweza kuwa miezi michache, inaweza kuwa zaidi. Baada ya hapo mkaa lazima ubadilishwe au usafishwe kwa dawa.

Hapo ndipo chujio hili linapotofautiana na vyombo vyote tulivyovizoea. Pampu ya kisima ikifa, maji hayatoki, na kijiji kizima kinajua kabla ya saa mbili asubuhi. Taa ya sola ikifa, ni giza. Chujio la mchanga likiziba, koki inatoa kidogo kidogo mpaka mtu analalamika. Mkaa wa mifupa ukifa, hakuna kinachobadilika. Maji yanatoka vilevile, tena mazuri machoni. Kwa hiyo chombo hiki hakiwezi kukaa salama mahali pasipo na kipimo. Waliotuletea pipa walitufundisha kulijaza, kuliosha na kulifunga kwa waya. Kupima hawakutufundisha, kwa sababu kifaa cha kupimia walirudi nacho.

Nilipomweleza bibi mmoja, jirani wa shule ambaye wajukuu wake watatu walikuwa wanafunzi wetu, alikaa kimya kwanza. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Mwalimu, hao wa vichupa nawajua tangu nikiwa binti. Wanakuja na vichupa vitupu, wanaondoka na vichupa vimejaa. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia maji yangu yana nini."

Meno huanza kabla ya shule

Nikaanza kusoma, kwa hasira kidogo, nikakutana na jambo lililoniuma kuliko pipa lenyewe.

Jino la kudumu haliharibiki siku linapoota. Linaharibika likiwa bado ndani ya ufizi, wakati tabaka lake gumu la nje linajengwa. Meno ya mbele, yale yanayoonekana ukicheka, hujengwa tangu utotoni kabisa, na tabaka lake linakuwa limekamilika mtoto akiwa na miaka minne au mitano. Kwa meno mawili makubwa ya juu mbele, hatari kubwa iko kati ya miezi 15 na 30 hivi. Yanakuja kuota akiwa na miaka sita, saba, nane.

Sasa weka pipa shuleni. Mtoto anaingia darasa la kwanza, anaanza kunywa maji yaliyochujwa, na mwaka huo huo au unaofuata meno yanaota yakiwa ya kahawia. Hata kama chujio lingekuwa zima kila siku, meno ya mbele tulikuwa tumeshachelewa kuyaokoa. Mifupa bado ingefaidika, maana mifupa hukusanya floraidi maisha yote, na meno ya nyuma kiasi chake. Kwa hiyo sisemi pipa la shule ni upuuzi. Nasema mahali pa kwanza pa kuliweka palikuwa zahanati, siku ya kliniki, mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni.

Liko na jema ambalo sikulijua. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, hata mama mwenyewe akiwa anakunywa maji mabaya. Mtoto anayenyonya bila kupewa kingine kwa miezi sita ya kwanza amekingwa. Hatari inaingia na uji, maana uji ni maji, tena yaliyochemshwa muda mrefu. Kutoka kikombe cha kwanza cha uji hadi miaka mitano hivi: hicho ndicho kipindi chetu. Mtoto wa umri huo anatumia lita chache tu kwa siku, za kunywa na za kupikiwa. Kumtafutia mtoto lita hizo ni kazi tofauti kabisa na kukitafutia kijiji kizima maji mapya, na inawezekana kuianza leo.

Nani angetuambia haya? Yameandikwa, yako kwenye majarida ya wataalamu wa meno. Yameandikwa kwa Kiingereza, mbali na kliniki yetu.

Chuo kilicho chini ya mlima

Pale Tengeru, umbali mfupi kutoka soko maarufu la Jumatano na Jumamosi, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na kuzinduliwa na Rais Jakaya Kikwete tarehe 2 Novemba 2012. Ilizaliwa na wazo la kujenga vyuo vya sayansi vya hadhi ya juu barani, na dada yake yuko Abuja, Nigeria. Haifundishi shahada ya kwanza. Kazi yake ni uzamili na uzamivu. Kaulimbiu yake inataja elimu kwa ajili ya jamii na viwanda, na kwa upande wa maji haikukaa na kaulimbiu tu.

Mwaka 2015 mhadhiri wake, Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyetokea kijiji cha Gongali, Karatu, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na zawadi ilikuwa pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazotengenezwa kitaalamu, na uzuri wake ni kwamba linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika: penye floraidi lilenge floraidi, penye vijidudu lilenge vijidudu. Alilipeleka pia sokoni, kwenye vibanda ambako mtu wa kawaida anauza maji yaliyochujwa na kujipatia riziki. Naliheshimu sana hilo, kwa sababu muuza maji ana sababu ya kulitunza chujio: likifa, biashara inakufa.

Taasisi hiyo pia ilishiriki katika mradi wa FLOWERED, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, ulioshughulikia floraidi katika maji, mimea na mifugo kwenye Bonde la Ufa la Tanzania, Kenya na Ethiopia. Ina kituo cha umahiri cha maji na nishati kilichopata fedha za Benki ya Dunia. Tasnifu zilizoandikwa juu ya maji ya Meru ukizipanga rafuni zitajaza ukuta. Kwa miaka kumi na kidogo, ni hatua kubwa, na mtu wa Arumeru ana kila sababu ya kujivunia kwamba sayansi ya maji yake inafanyiwa nyumbani kwake.

Hata hivyo, ukilitazama pipa letu kisha ukaitazama ratiba ya chuo chochote cha aina hii, unaona pengo, na pengo hilo halitokani na uvivu wa mtu. Tasnifu ya uzamili ina miaka miwili. Mwanafunzi anasoma kozi, anaandika pendekezo, anakusanya sampuli msimu mmoja au miwili, anachambua, anaandika, anatetea, anahitimu. Chujio likichoka mwezi wa nane baada ya yeye kuvaa joho, hilo haliko kwenye tasnifu ya mtu. Mhadhiri naye anapandishwa cheo kwa machapisho. Kubadilisha mkaa mara ya pili hakuchapishwi, kwa sababu hakuna jipya: mkaa ni ule ule, pipa ni lile lile. Kwetu sisi, mara ya pili ndiyo yenye thamani kuliko ya kwanza.

Tena chuo kinachozalisha mabwana na mabibi wa uzamivu pekee, kwa jinsi kilivyoundwa, hakizalishi fundi. Tuna Chuo cha Ufundi Arusha na tuna VETA mjini. Tuna RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, na chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii vinavyokusanya fedha za ndoo na kulipa fundi wa bomba. Fundi huyo yupo kijijini, ana baiskeli na spana, watu wanamjua kwa jina. Anachokosa ni kipimo na mafunzo ya siku tatu. Kati ya daktari wa falsafa aliyeko Tengeru na fundi yule mwenye spana kuna safari fupi tu ya barabara, na ni nadra kukutana.

Karatasi ya manila

Nirudi kwa binti wetu, maana yeye alifanya jambo ambalo hakuna kanuni iliyomlazimisha kulifanya. Miezi mitatu baadaye alirudi. Alikuwa na karatasi ya manila, kaandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, majina ya vyanzo vyetu vyote na namba mbele ya kila kimoja, na mstari mwekundu pale penye 1.5. Mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi.

Ulikuwa mkutano mrefu. Mama mmoja aliuliza kama maana yake amemlisha mwanawe sumu. Binti akamjibu, "Hapana, mama. Maji haya yanakata kiu kama mengine, na wewe ulimpa ulichokuwa nacho. Tunachotafuta ni namna ya kumpunguzia mdogo wake." Baba mmoja aliuliza mifupa ya pipa ilikuwa ya mnyama gani na alichinjwa vipi, na ikabainika kwamba familia kadhaa zilikuwa zimewakataza watoto wao kunywa tangu mwanzo kwa sababu hiyo, kimya kimya, pasipo mtu wa mradi kuwauliza. Wapo waliosema tusubiri serikali, wakataja mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha wa shilingi bilioni 520, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni mradi wa kweli, na umewapa maji watu wengi. Lakini bomba zake haziwezi kufika kila kitongoji nyuma ya mlima, na uji wa mtoto unapikwa leo.

Kisha akasimama mzee, akaegemea fimbo yake. Akakumbusha kwamba ni kutoka Ngarenanyuki Wameru walihamishwa kwa nguvu mwaka 1951 kuwapisha walowezi, na kwamba mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kuwasemea. "Baba yangu alichangia nauli ya Kirilo mpaka Marekani," akasema. "Mimi nitashindwa kuchangia gata?"

Gata, kwa sababu binti alikuwa amesema maneno mepesi kabisa: mvua haina floraidi, na shule ina mabati mengi.

Tukafanya hivi. Wazazi wakachanga, tukafunga gata upande mmoja wa madarasa, tukaunganisha na tanki la plastiki ambalo lilikuwa limekaa nyuma ya stoo bila kazi. Mvua za kwanza za msimu hazikingwi, zinaosha vumbi la bati. Maji ya tanki lile hayanywi mwalimu, hayanywi mwanafunzi mkubwa. Ni ya uji. Mama mwenye mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anakuja na kadi ya kliniki na dumu la lita tano, lile la mafuta ya kula lililooshwa, anajaza, anaandikwa. Dumu lina alama ya rangi ili lisichanganywe na mengine jikoni. Nesi wa zahanati alikubali kulisema jambo hilo siku za kliniki, na kuongeza la kuacha magadi kwenye chakula cha watoto. Hili la magadi limepokelewa vibaya kuliko yote, kwa sababu kuni ni ghali na maharage yasiyo na magadi yanakula kuni. Shemeji yangu aliniambia waziwazi, "Mwalimu, niletee kuni kwanza." Sikuwa na jibu, na sina. Kuloweka maharage usiku kucha kunasaidia, si kwa kiasi anachokitaka yeye.

Na pipa? Mkaa mpya ulipatikana. Ubavuni tuliandika kwa chaki tarehe ya kuujaza na tarehe ya kupima. Chaki ilifutika na mvua, tukaandika kwa rangi.

Mpango huu una mashimo, na sitayaficha. Tanki linakauka kiangazi. Mwaka wa kwanza koki ilifungwa kufuli mwishoni mwa Septemba, na vuli ikachelewa. Kwa wiki kadhaa kina mama walirudi kwenye bomba kama zamani, wengine wakilia. Tanki la pili lingemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Nasisitiza: tanki moja, si maabara. Pia kifaa cha kupimia hakikuwa chetu. Binti alikuja nacho mara mbili zaidi kwa nauli yake, kisha akahitimu, akapata kazi mkoa mwingine. Anapiga simu. Simu haipimi maji.

Ningekuwa na sauti kwenye baraza la chuo

Ningeomba kwanza jambo dogo. Soko la Tengeru liko jirani na chuo. Jumatano na Jumamosi watu wa Meru nzima, mpaka wa nyuma ya mlima, wanashuka na nyanya, ndizi na maharage. Wekeni meza moja pale, mwavuli, kipima, na mwanafunzi wa zamu. Mtu aje na maji yake kwenye chupa, apimiwe, aandikiwe namba kwenye kipande cha karatasi na aelezwe maana yake kwa Kiswahili au kwa Kimeru. Gharama yake haifiki ya warsha ya siku mbili hotelini. Baada ya mwaka mmoja, chuo kitakuwa na ramani ya maji ya Arumeru ambayo hakuna mradi wa kigeni unaoweza kuichora, kwa sababu wananchi wenyewe ndio watakuwa wamebeba sampuli.

Halafu karatasi ya manila iwe sehemu ya shahada. Mwanafunzi aliyechota maji ya kijiji asivae joho mpaka mtendaji wa kijiji asaini kwamba matokeo yameletwa na kusomwa mkutanoni. Watasema inarefusha masomo. Inarefusha kwa siku moja na nauli ya daladala.

Na chujio lolote linaloletwa kwa jina la utafiti lije na mtu wa mahali pale aliyefundishwa kulipima, na fungu la fedha za kubadilisha mkaa kwa miaka mitano, limewekwa mikononi mwa chombo cha watumia maji na kukaguliwa na RUWASA. Kama fungu hilo halipo, pipa lisije. Najua ninalosema ni gumu kwa shule inayotamani msaada wowote. Lakini nimesimama mbele ya watoto nikawaambia haya ni maji salama, na hayakuwa. Afadhali wangekuwa hawana pipa, wazazi wakajua hawana, wakatafuta mvua mapema.

Sasa nimehamia shule nyingine, karibu na mji. Mwezi uliopita nilipanda kuwasalimia. Daftari la madumu lipo, limechakaa pembe. Nesi ni yule yule. Tarehe ya kupima kwenye pipa imepita kwa miezi miwili, na mwalimu mkuu mpya ameandika barua wilayani kuomba kifaa; nakala nimeiona. Mtoto wa kwanza kuandikwa kwenye daftari, wa kike, ana miaka mitatu na miezi kadhaa. Mama yake alimfungua mdomo ili anionyeshe. Ni meno ya utotoni, meupe, na hayatuambii mengi. Ya kudumu ya mbele yataanza kuchomoza akiwa na sita au saba.